Machozi ya Mwonja Asali

Sikudhani Pazi aliajiriwa na serikali kuwaliza watu, na katika mkoa mzima wa Tabora hapakuwa na wa kumfikia. Cheo chake kwenye barua ya ajira kilikuwa Afisa Mlizaji Daraja la Pili. Mama yake kule Kisarawe alipoisoma barua ile alidhani ni hati ya mashitaka, akaanza kumtafutia mwanawe wakili.

Zamani Sikudhani alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio, na karibu kila mchezo alikuwa akifa kwenye kipindi cha tatu. Alipoletwa Kliniki ya Macho ya Mbugani wengi walitegemea angewasimulia wagonjwa habari za mayatima. Hakufanya hivyo. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mtu, akauliza maswali. Fundi cherehani mmoja alilia alipoulizwa ni nani aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Mama muuza chapati alimlilia ng'ombe aliyeuzwa yeye akiwa darasa la pili. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mkali aliyeingia akidai hana muda, aliulizwa tu, "Umekula?" na ikabidi aletewe taulo.

Machozi yakitoka, Sikudhani aliyapokea kwa mrija wa kioo na kuyatia kwenye mashine ndogo nyeupe iliyokaa mezani. Mashine ilikuwa na jina refu la kitaalamu, lakini kliniki nzima waliiita Karani, kwa sababu ilikuwa na sauti ya mtu anayetafuta sababu ya kukwambia urudi kesho.

"Machozi ya kitunguu," ilisema Karani asubuhi ile ya Jumatatu. "Tafadhali lia upya."

Sikudhani akamwangalia mgonjwa. Mzee Kasanda Mihambo, mwonja asali mkuu wa ushirika wa warina asali, alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nyuma yake alisimama mkewe, Bi Kalunde, macho yake darini, mkono mmoja mgongoni.

"Mama," alisema Sikudhani, "hicho kitunguu kinafanya nini humu?"

"Kitunguu gani?"

"Hicho cha mkononi."

Bi Kalunde akakileta mbele, akakitazama kama anayekiona kwa mara ya kwanza. "Hiki cha mboga, mwanangu. Nilikuwa napita nacho."

"Mtani, mwache," alisema Mzee Kasanda. Yeye Mnyamwezi na Sikudhani Mzaramo, makabila yenye utani wa jadi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hawakuwahi kuitana kwa jina wala kusalimiana bila matusi. "Anahangaika bure. Mimi silii. Si kwamba nakataa, mimi bomba langu halina maji. Mama yangu tulimzika sikulia. Nyumba iliungua sikulia. Nilioa, watu wote wakalia, mimi sikulia."

"Mimi nililia," alisema Bi Kalunde. "Na hata leo sababu ninayo."

"Tutajaribu tena kesho, mzee."

"Wewe jaribu. Mzaramo hajui kazi nyingine zaidi ya ngoma, angalau huku unakaa kitako."

*

Walijaribu wiki nzima. Sikudhani alimuuliza habari za utoto wake, naye akajibu kama anayejaza fomu. Akamwekea nyimbo za harusi za zamani, mzee akalala. Siku ya Alhamisi, akiwa ameishiwa, alivunja mwiko wake na kuanza kumsimulia habari ya mtoto aliyetembea kutoka Sikonge kwenda Ipole kumtafuta mama yake. Mzee Kasanda alisikiliza kwa makini, kisha akamkatiza.

"Alitembea siku moja?"

"Siku moja, mzee. Peke yake. Bila viatu."

"Haiwezekani. Mimi njia hiyo nimeipita na mizinga begani. Labda alipewa lifti."

Sikudhani alicheka. Alicheka mpaka kigoda kikamponyoka, akaanguka miguu juu, koti la kliniki likamfunika uso. Mzee Kasanda alisikia kishindo, akaona kivuli cheupe kikipepea, naye akaangua kicheko kilichowaleta wauguzi mlangoni. Machozi yakamtiririka. Sikudhani akatambaa na mrija, akayawahi.

"Machozi ya kicheko," ilisema Karani. "Tafadhali lia upya."

"Mashine hii haina adabu," alisema mzee, akijifuta. "Hebu nieleze, mtani. Machozi si machozi? Inatafuta nini humo?"

Sikudhani alikaa sakafuni pale pale alipoangukia. Maelezo haya alikuwa ameyatoa mara nyingi, lakini kila mtu alikuwa na mlango wake wa kuingilia.

"Ndani ya kila chembe ya mwili wako, mzee, kuna maktaba ya maagizo. Agizo likitakiwa linanakiliwa kwenye kikaratasi kiitwacho RNA, kikaratasi kinapelekwa kiwandani, inatengenezwa protini. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa zipo RNA nyingine, tena nyingi mno, ambazo haziendi kiwandani kabisa. Hazitengenezi kitu. Zamani wataalamu walidhani ni takataka."

"Na kumbe?"

"Kumbe zinaamuru. Moja inamnyamazisha fulani, nyingine inampandisha fulani sauti, nyingine inakaa mlangoni kuzuia wengine wasipite."

"Maafisa wa kata," alisema mzee bila kusita. "Hawalimi, hawajengi, lakini wasipotaka, hakuna linalofanyika."

"Hao hao. Sasa sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi, maafisa wanavurugika. Kule nyuma ya jicho, kwenye retina inayopokea mwanga, wapiga kelele wanaongezeka na wanyamazishaji wanapotea. Wapiga kelele wanaagiza mishipa mipya ya damu iote. Inaota ovyo, myembamba kama uzi wa buibui, na inavuja. Ndiyo hayo mawingu unayoyaona."

"Na dawa?"

"Dawa ni tone la jicho lenye vinyuzi vya kumfunga mpiga kelele mdomo. Lakini kila mtu ana wapiga kelele wake. Dawa ya mwenyekiti wa mtaa haikufai wewe. Lazima tuwajue wako kwa majina. Na majina yao yanasafiri kwenye vifuko vidogo mno vinavyotoka machoni mtu akilia kwa moyo. Kwa kitunguu havitoki. Kwa kicheko havitoki. Kwa nini, wataalamu wenyewe bado wanagombana."

Mzee Kasanda aliinama kumsogelea. "Sindano je? Si mlikuwa mnachoma sindano ndani ya jicho mkavuta hayo maji?"

Swali hilo lilijibiwa na Daktari Lubeleje, kijana Mgogo aliyekuwa mlangoni na picha za retina mkononi. Aliingia, akachuchumaa mbele ya mgonjwa, akamshika goti.

"Shikamoo, mzee. Sindano kwako haifai. Mishipa yako imelegea mno, ikiguswa tu jicho linajaa damu. Na hata isipoguswa..." Akamtazama Sikudhani. "Tuna siku tisa. Nikisema kumi nitakuwa nakutia moyo tu."

Hakuna aliyetania baada ya hapo. Mzee Kasanda aliinua kiganja chake, akakileta karibu na pua, akakigeuza upande huu na ule.

"Asali inaonjwa kwa jicho kwanza," alisema taratibu. "Watu hawajui. Wanadhani ni ulimi."

*

Kesho yake Bi Kalunde alimsubiri Sikudhani kwenye benchi la nje, miguu ameipanga kama mtu aliyekuja na jambo.

"Mwanangu, nimefikiri. Mwambie Nyamizi amekufa."

"Nyamizi yupi?"

"Binti yetu. Yule fundi wa meli aliye Kigoma."

"Mama! Amekufa?"

"Yuko salama, jana kaniomba unga wa muhogo. Nakwambia umwambie baba yake amekufa. Atalia vizuri sana."

Sikudhani alitazama kulia na kushoto. "Mama, huyo ni mtoto wako."

"Ndiyo maana namtoa yeye. Wa watu ningemtoaje?"

Sikudhani alieleza kwamba haiwezekani. Ukutani ndani ya chumba chake zilibandikwa Kanuni za Walizaji, na ya nne ilisema kwa herufi nene kwamba Afisa hatamdanganya mgonjwa kwa namna yoyote. Aliyeiandika alikuwa na sababu. Miaka ya mwanzo, kabla ya kanuni, kuna mlizaji mmoja wa wilaya nyingine aliyemwambia bibi wa watu kwamba mumewe kaachana naye kwa talaka ya posta. Bibi hakulia. Aliondoka, akaolewa na mwingine wiki ile ile.

"Haya," alisema Bi Kalunde, akakunja khanga. "Basi atapofuka, na mimi nitakuwa namsomea magazeti mpaka kufa kwangu. Na anavyopenda kubisha! Atabishana na mimi kana kwamba nimeyaandika mimi."

Kisha akasema kitu kingine, kwa sauti ya chini, na hicho ndicho kilichomharibu Sikudhani.

"Nilimwona machozi yakimlenga mara moja tu. Siku aliyogombana na Lugusha."

Lugusha, alieleza, alikuwa mrina asali wa Itetemia. Yeye na Kasanda walianza msituni pamoja wakiwa na miaka kumi na mitano. Walilalia gome moja la mti, wakajifunika blanketi moja, wakaumwa na nyuki wale wale. Miaka kumi na moja iliyopita Lugusha alileta pipa la asali kwenye ushirika, Kasanda akaonja mbele ya watu wote, akasema ina moshi, daraja la pili. Lugusha akasema ulimi wa Kasanda umekufa, wamzike nao. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kasanda alirudi nyumbani, akakaa uani akiangalia ukuta, na machozi yakamlenga. Hayakudondoka.

"Nikamuuliza vipi," alisema Bi Kalunde. "Akasema kumeingia mdudu."

*

Siku tano zilibaki, kisha nne. Sikudhani alijaribu kumshauri mzee aende kumwona Lugusha, akajibiwa kwamba asali ilikuwa na moshi. Alimpigia Lugusha simu kumwomba aje. Lugusha alimsikiliza vizuri, akamuuliza kama Kasanda amekiri kwamba haikuwa na moshi, akakata.

Siku tatu.

Asubuhi ya siku hiyo Sikudhani alisimama mbele ya kioo cha bafu la wafanyakazi, akajitazama akiwa na koti lake jeupe. Alijiambia kwamba kanuni ziliandikwa na watu, na jicho haliandikwi upya. Alijiambia pia kwamba akishapata machozi atasema ukweli hapo hapo, dakika haipiti. Uongo wa dakika moja. Kwenye redio alikufa mara thelathini na nne, na hakuna aliyedhurika.

Akaingia chumbani. Mzee Kasanda alikuwa kwenye kiti chake, mkewe kando.

"Mtani, leo umenyamaza. Nazi zimeisha kwenu pwani?"

"Mzee," alisema Sikudhani, na sauti ikamtoka vizuri mno, sauti ya kipindi cha tatu. "Nina habari mbaya. Mzee Lugusha wa Itetemia amefariki dunia."

Kilio kilichofuata kilitikisa vioo vya dirisha. Lakini kilikuwa cha Bi Kalunde.

"Lugushaaa! Jamani, Lugusha wetu! Aliyetuletea kuku siku ya harusi!" Alianguka magoti, machozi yakamwagika kifuani, mengi, ya moyo, safi kabisa, machozi ambayo Karani ingeyapokea bila swali hata moja, nayo yote yakaenda sakafuni. Sikudhani alimkonyeza. Akamkonyeza tena. Bi Kalunde hakuona kitu. Alikuwa ameshatoa simu na kumpigia shemeji yake, akilia, naye shemeji akalia, na kwa sauti zilizosikika simuni, nyumba nzima ya shemeji ikaanza kulia.

Mzee Kasanda hakusogea.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Alfajiri," alisema Sikudhani, akimsogezea mrija.

"Nini kilimsibu?"

"Kifua."

"Alikuwa na kifua kizuri," alisema mzee. Macho yake yalikuwa makavu kama karatasi. Akashika mikono ya kiti, akainuka. "Nipelekeni. Kuna kazi za kufanya pale, na wanawe ni wazembe."

Hapo ndipo Sikudhani alipotakiwa kusema. Dakika ilikuwa imekwisha, tena na ya pili. Lakini Bi Kalunde alikuwa ameshamshika mumewe mkono na kutoka naye, na gari la kliniki, lile linalojiendesha, likafungua mlango lenyewe na kuuliza kwa upole wanakwenda wapi.

"Msibani Itetemia," alisema Bi Kalunde.

"Poleni sana," likasema gari, likapunguza muziki.

*

Walikaa wakitazamana, wazee upande mmoja, Sikudhani upande wa pili na begi la Karani mapajani. Gari halikuwa na dereva wa kumsingizia.

"Nieleze barabara, mtani," alisema Mzee Kasanda. "Njia hii sijapita miaka kumi na moja. Ule mninga mkubwa wa kona bado upo?"

Sikudhani akachungulia. "Upo, mzee."

"Tulitundika mzinga wetu wa kwanza pale. Ulianguka. Lugusha alisema mimi nilifunga vibaya, nikamwambia ni yeye. Alifunga yeye." Akageukia dirisha. "Na mimi nilishikilia kamba, lakini nilikuwa natazama pembeni."

Gari lilikwenda. Pembeni mwa barabara mashamba ya alizeti yalikuwa yamechanua.

"Najiuliza tu," alisema mzee, "watakapofunua sanda nimuage, nitaona nini. Nitaona nyeupe. Na mke wangu ninamwona nyeupe, na wewe nyeupe. Nitamuaga Lugusha nisijue kama ni yeye au ni ukuta."

Sikudhani akasema yote kwa mkupuo mmoja, kama anayetapika.

"Hajafa. Nimedanganya. Mzee Lugusha ni mzima, jana nilizungumza naye akanikatia simu. Nilitaka ulie. Nisamehe, mzee. Gari, simama."

Gari likasimama katikati ya alizeti.

Bi Kalunde ndiye aliyepata sauti kwanza. "Hajafa? Mimi nimeshawaambia ukoo mzima! Dada yake Lugusha yuko njiani kutoka Urambo na sufuria!"

"Si wewe uliyeniambia nimdanganye, mama?"

"Nilikwambia umwue Nyamizi! Nani alikutuma kwa Lugusha?"

"Nyamizi wangu?" alisema Mzee Kasanda.

Gari likauliza kama abiria wote wako salama. Mzee aligeuza uso wake kuelekea aliko Sikudhani. Alikuwa akitafuta jambo la kusema, na alipolipata halikuwa lile Sikudhani alilolitarajia.

"Lugusha mwenyewe anajua kwamba amekufa?"

"Sidhani, mzee."

"Basi twende. Asije akaambiwa na mtu mwingine."

*

Walichelewa. Uani kwa Lugusha vijana walikuwa wakifunga turubai la pili. Wanawake wamewasha meko matatu, mashekhe wawili wamekaa kwenye mkeka, na mlangoni alisimama mzee mrefu mwenye fulana na taulo begani, akigombana na kila mtu kwa zamu.

"Nasema ondoeni turubai!"

"Tulia, mzee," alisema kijana wa juu ya ngazi. "Una uchungu, tunaelewa."

"Uchungu wa nini? Nani amekufa?"

"Wewe, mzee."

"Mimi niko hapa!"

"Tunaona. Ila taarifa tuliyopewa ndiyo hiyo."

Mzee Kasanda aliusikia ule mgombano, akaachia mkono wa mkewe. Alitembea peke yake kuelekea sauti, akipiga hatua fupi, mikono mbele. Watu wakampisha. Alijikwaa kwenye jiko, akashikwa, akaendelea. Alisimama mbele ya kile kivuli kirefu.

"Lugusha?"

Mwenye fulana akageuka. Alimtazama mtu huyu aliyezeeka, macho yake yakiangalia pembeni kidogo ya mahali pa kuangalia. Sauti ikampungua.

"Kasanda. Umefuata nini kwangu?"

"Nimekuja kukuzika."

"Umewahi."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mzee Kasanda akanyoosha mkono, akamgusa Lugusha begani, akapanda shingoni, akafika shavuni, akalishika shavu lile kama mtu anayepima uzito wa kitu. Alitaka kusema. Kidevu kikaanza kumcheza.

"Ilikuwa na moshi," alisema, na kitu kikakatika ndani yake. Alilia. Alilia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, sauti mbaya, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi. "Ilikuwa na moshi, Lugusha, moshi kidogo tu!"

"Haikuwa na moshi!" alipiga kelele Lugusha, naye akilia. "Mbwa wewe, haikuwa na moshi!"

Wakakumbatiana wakitukanana.

Sikudhani alisimama hatua tatu kutoka kwao, begi limefunguka, mrija mkononi. Yale machozi yalikuwa yakimdondokea Lugusha kwenye fulana. Siku tatu za jicho zilikuwa zikipotea kwenye kitambaa cha pamba. Miguu yake ilitaka kwenda, na akaizuia. Alikuwa ameiba mara moja leo.

"Mzee Kasanda," aliita. "Naomba ruhusa. Ukinikatalia nitakuelewa."

Mzee hakuachia shingo ya rafiki yake. Aligeuza uso, umelowa mpaka kidevuni.

"Unaomba nini sasa, Mzaramo? Chukua, mshenzi wewe, kabla sijanyamaza!"

Akachukua. Mirija minne. Akaketi chini kando ya meko, akatia ya kwanza kwenye Karani, na uani pote pakatulia, hata mashekhe wakainua shingo.

"Machozi yamepokelewa," ilisema Karani. "Asante kwa kulia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshaiva, wakala.

*

Karani iliwakuta wapiga kelele watatu na mnyamazishaji mmoja aliyetoweka kabisa. Matone yalitengenezwa kwa siku mbili. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuvuja, liliokolewa nusu. La kushoto lilipona vizuri, na wiki ya tatu Mzee Kasanda alimwambia mkewe kwamba amezeeka, wakagombana siku nzima kwa furaha.

Sikudhani alijiandikia mashitaka mwenyewe, kurasa mbili. Kamati ya Maadili ilikaa mwezi uliofuata kwenye ukumbi wa halmashauri, na mlalamikaji alikuwa Mzee Lugusha. Kwenye jalada, mtu fulani alikuwa ameandika: Marehemu, yupo.

Daktari Lubeleje alimvuta Sikudhani pembeni kabla hawajaingia. "Dada, nisikilize. Wewe Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Sema ulikuwa unamtania. Mtani hashitakiwi, hata kamati inajua. Dakika tano tumetoka."

Na kweli mwenyekiti, Bi Msabila, mama mnene aliyevaa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alionekana kuutaka sana mlango huo. Alimwita Mzee Kasanda, naye akasimama na kusema kwa fahari kwamba huyu ni mtani wake, kamtania, utani umezidi kidogo, yamekwisha.

"Basi," alisema Bi Msabila, akifunga jalada. "Utani ni mila. Afisa Pazi, unathibitisha?"

Sikudhani alisimama. Alimwona daktari akitikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo.

"Hapana, Mheshimiwa. Haukuwa utani." Ukumbi ukaguna. "Mtani nikimtukana anajua natania, na anajua namna ya kunijibu. Siku ile hakujua. Aliniamini kwa sababu nilivaa koti la kliniki. Alipanda gari akiwaza namna ya kumuaga mtu. Hicho mimi nimemfanyia nikiwa kazini."

"Lakini jicho limepona."

"Limepona, na nashukuru. Ila moyo wake ungekuwa dhaifu, tungekuwa na turubai la kweli. Mkiandika kwamba ulikuwa utani, mwezi ujao kila mlizaji atakuwa mtani wa mtu."

Bi Msabila alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akamtazama kwa yote miwili. "Nikuulize. Leo ukirudishwa asubuhi ile, siku tatu zimebaki. Ungefanya tena?"

Sikudhani alitafuta jibu zuri, kisha akatafuta jibu la kweli.

"Sijui, Mheshimiwa. Ndiyo maana naomba msiniachie."

Kamati ilinong'ona. Walimvua ruhusa ya kuliza kwa miezi sita. Atakaa masjala akipanga mafaili. Wakamuuliza mlalamikaji kama anaridhika, au ana ombi la ziada.

Mzee Lugusha aliinuka. Alikuwa amevaa koti la harusi.

"Ninalo. Mimi nina umri, na kifua changu, bahati mbaya, kimeanza kweli kunisumbua. Siku nikifa, nani atamwambia huyu?" Akamnyooshea Kasanda kidole. "Mkewe akimwambia atabisha. Wanangu wakimwambia atasema ni mbinu ya kliniki. Atakaa nyumbani kwake akisema sijafa, na mimi nitaozea pale nikimngoja. Mwenye kosa ni huyu binti. Kwa hiyo naomba iandikwe: siku hiyo aende yeye, kwa miguu yake, amwambie ukweli uso kwa uso. Akisema yeye, na amevaa koti lile, atamwamini."

Katibu aliuliza hilo aliandike chini ya kifungu gani. Mzee Kasanda alikuwa akilia tena, maana tangu siku ile alikuwa hajui kuacha.

Sikudhani alimkabili yule mzee mrefu. Hakujua aweke wapi mikono yake.

"Nitakwenda, mzee," alisema. "Nakuahidi."

"Vizuri," alisema Lugusha, akakaa, akanyoosha koti lake. "Ila usiwe na haraka."